Mikono Mliyomnawisha Bibi Nakiete

Mwanangu Namkunda,

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayelala chumba cha pili. Umenizoea mama wa kusema, tena wa kusema kwa sauti, mpaka majirani wa ng'ambo ya korongo wanajua siku chumvi ilipokwisha nyumbani kwetu. Lakini leo tangu mchana nimefungua mdomo mara nyingi, na kila nikiufungua hasira inatangulia, nami naufunga. Wewe unapanga sanduku lako, unaimba zile nyimbo zenu za shule, unaniuliza kama gauni la bluu limekauka. Nikaona nikisema nitapiga kelele, nikipiga kelele utalia, na ukilia nitakuhurumia na lile neno lenyewe litabaki tumboni mwangu. Ndiyo maana nimekaa jikoni na karatasi ulizobakiza mwaka jana, naandika. Kuandika nilifundishwa kwenye darasa la ubatizo ili nijue kusoma Zaburi, sikujua kwamba iko siku kutanisaidia kumgombeza mwanangu.

Sikuandikii habari za sabuni wala za sweta. Huko Makanya unakokwenda ni joto, sweta hutaihitaji, na hayo mengine unayajua kuliko mimi. Nakuandikia habari za jirani yetu, Bibi Nakiete. Wakati wa chakula uliniuliza, "Mama, mbona Bibi hajaja kuniaga?" Nikakujibu kwamba labda mguu unamsumbua. Haikuwa kweli. Miguu yake ni mizima, jana ameshuka hadi kwenye maduka na kupanda bila kupumzika njiani. Hajaja kwa sababu uso wake haujui kuficha, na alijua akikutazama tu utamsoma. Nyumba yake haikuitikiwa ndivani, Namkunda. Kiangazi kinaingia na shamba lake halina maji.

Wewe hujui, maana siku ya kuzoa tope wewe na wenzako wa shule mliondoka kabla halijatokea. Nitakueleza, na unisamehe nikikukumbusha mambo unayoyajua tangu utotoni. Ninakukumbusha kwa sababu siku ile ulijifanya huyajui.

Pembe ya msaragambo, ya kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, ililia alfajiri, kila nyumba ikatoa watu kwenda kuzoa tope la ndiva. Ndiva ile ndiyo inayotulisha sote. Inakusanya maji ya mfongo, mfereji wetu utokao mtoni, usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa yaende mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Na zamu hiyo hainunuliwi. Inatokana na mikono iliyoingia kwenye tope siku ya kuzoa, basi. Ndiyo sababu huku kwetu hujawahi kusikia mzee akiambiwa akae. Asiyeweza kuchimba anabeba, asiyeweza kubeba anakanyaga udongo wa kuziba nyufa, na mtoto anakusanya majani ya kushindilia ukingo. Jioni Mzee Kajiru, ambaye ndiye mzee wa mfongo, anapita juu ya ukingo akitazama mikono ya watu, anaita nyumba moja moja: "Nyumba ya fulani ipo?" Watu wanaitikia, "Ipo!" Ikishaitikiwa, imekwisha, kiangazi chote nyumba hiyo ina zamu yake ya maji.

Wewe ulipokuwa hujui hata kulitamka jina langu vizuri, ulirudi kutoka ndivani na tope mpaka kwenye kope. Ukakataa kuoga. Ukazunguka nyumba hadi nyumba ukiwanusisha watu viganja vyako ili wajue umefanya kazi. Nilipokunawisha kwa nguvu ulinililia usiku kucha kwamba Mzee Kajiru hatakuona. Mtoto yule alijua jambo ambalo msichana wa shule amelisahau.

Sawa, mkaja. Kikundi cha huduma, magauni ya bluu, viatu vyeusi, na Mwalimu Yona mbele yenu na suruali iliyonyooshwa mpaka ikawa inaweza kusimama yenyewe. Mlikuwa mmeletwa kujifunza kuwahudumia wazee na watoto kabla ya kwenda kwenye ile nyumba ya misheni ya wazee na yatima kule Makanya. Mwalimu Yona akapanda juu ya ukingo akasema, "Wazee wetu na watoto wetu, ninyi msiojiweza, leo mtapumzika. Vijana hawa watafanya kazi yenu." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, maana binti yangu alikuwa mstari wa mbele na amependeza. Kichwa kilinivimba, nakiri. Mwalimu Yona simlaumu sana. Yeye ni mtu wa Tanga, ndiva ameiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, pengine alidhani ni dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Lakini wewe umezaliwa umbali wa mwito kutoka kwenye ukingo ule.

Nilikuwa ndani ya tope, karibu yenu kabisa, na niliyasikia yote. Bibi alikuwa anapanda na kikapu chake. Nacho hakikuwa kimejaa, alikuwa anabeba kiasi cha mgongo wake, kama anavyofanya kila mwaka. Ukamkimbilia.

"Shikamoo, Bibi. Lete kikapu, nenda ukae."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikae, ninaumwa?"

"Huumwi, Bibi. Upumzike tu. Leo sisi tunakuhudumia."

"Na nyumba yangu itasemewa na nani?"

"Usiwe na wasiwasi, Bibi. Mimi nabeba kwa niaba yako."

Hayo ni maneno yako, sikuongeza chumvi. Ulisema unabeba kwa niaba yake. Bibi akakutazama, akanitazama mimi, nami mjinga wa kutupwa nikamtikisia kichwa kwamba sawa. Akakuachia kikapu. Mtu mwingine yeyote asingemwachia, angemvuta masikio. Alikuachia wewe kwa sababu amekubeba mgongoni.

Mkampeleka kwenye mkeka pamoja na wazee wengine. Mkaleta karai, maji ya moto na sabuni ya kunukia. Mkamnawisha mikono, mkamsugua mpaka chini ya kucha, mkampaka mafuta, mkampa chai ya sukari. Na Ana, yule mjukuu wake anayemlea, aliyekuwa anakusanya majani na wenzake kwa bidii mpaka ulimi umetoka nje, mkamchukua naye. Mkamnawisha, mkamfunga utepe kichwani, mkamwingiza kwenye duara la michezo. Mlikuwa mnacheka, watoto walikuwa wanacheka, ilikuwa inapendeza kutazama. Jua lilipoanza kushuka Mwalimu Yona akawaita kanisani kwa sala ya shukrani. Mkaondoka mkiimba. Ukapita nyumbani, ukakitupa kikapu cha Bibi kando ya banda la mbuzi, ukaenda.

Mzee Kajiru alikuwa juu kwenye banio la mto tangu asubuhi, hakuona lolote. Akashuka, akaanza kuita. Wale wazee wengine waliokaa mkekani walikuwa na wana wao au wakwe zao ndani ya tope, kwa hiyo nyumba zao ziliitikiwa. Nyumba ya Bibi Nakiete ina watu wawili tu, yeye na Ana, na wote wawili walikuwa safi kama watu wanaokwenda harusini.

"Nyumba ya Nakiete ipo?"

Bibi akanyoosha mikono yake. Mzee Kajiru akaishika, akaigeuza, akainusa. Namkunda, aliinusa.

"Dada Nakiete, mikono hii imetoka wapi?"

"Imetoka kwa wajukuu," Bibi akasema.

Watu wakacheka. Sitaki upite juu juu kwenye neno hilo kama ulivyozoea kusoma barua. Watu walicheka, na Bibi alikuwa amesimama amenyoosha mikono inayong'aa mafuta, na Ana ameshika kanga yake, na hakuna aliyeitikia. Nilipanda kutoka kwenye tope nikiteleza. Nikasema alifanya kazi, alibeba tangu asubuhi, mimi nilimwona. Mzee Kajiru akasema, "Wewe ni jirani yake. Kila mtu hapa ana jirani." Nikamwambia maneno ambayo mama Mkristo hapaswi kuyaandika. Nilipochoka akaendelea kuita.

Sasa sikiliza lililoniudhi kuliko yote. Shamba la Bibi liko chini ya letu, zamu yake inafuata yetu. Nyumba isipoitikiwa, zamu yake inakwenda kwa nyumba inayoitangulia. Kwa hiyo nyumba iliyonenepa kwa huduma yenu ni hii hii. Maji ya Bibi Nakiete yatamwagika kwenye maharage yetu kiangazi chote, na maharage yake yatakauka akiyatazama, umbali wa tuta moja. Huo ndio wema wenu mlioushukuru kanisani.

Zamani jambo hili lisingefika hata kwenye mlango wa mtu. Mzee wa mfongo mwenyewe angecheka, angechota tope kidogo akampaka Bibi kiganjani, yakaisha. Lakini tangu Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, aliposema barazani kwamba ugomvi wote wa maji upelekwe kwa jumbe, uandikwe na kuamuliwa, Mzee Kajiru anaogopa hata kivuli chake. Wazungu hawajawahi kuzoa tope la ndiva hata kiganja kimoja, lakini wametuwekea woga ndani yake. Nilimfuata Mzee Kajiru nyumbani kwake siku ya pili yake. Nilimkuta anakula makande, nikakataa kukaa. Akaniambia, "Mama Namkunda, mimi Nakiete namjua kabla yako. Nikimpa zamu bila mkono, mwakani wenye nguvu zao wote watakaa mkekani wanywe chai, kisha waende kwa jumbe waseme mbona fulani alipewa. Aliyechukua kikapu ndiye aje aseme. Aje pale ndivani, mbele ya watu, maji hayajafunguliwa. Hapo nitamwita upya, na atakayekwenda kwa jumbe nitamjibu."

Nikamwuliza kama neno langu halitoshi. Akasema, "Neno lako ni la kumwonea huruma. La aliyechukua ni ushahidi." Nilitoka kwake bila kuaga, lakini njiani niliona kwamba hapo alikuwa na haki, na hilo likanitia hasira zaidi.

Udongo mpya wa ukingo umeachwa ukauke siku hizi zote. Maji yanafunguliwa kwa mara ya kwanza kesho asubuhi. Yakishafunguliwa, zamu hazibadiliki mpaka tutakapozoa tena, baada ya mavuno.

Na kesho asubuhi lori linaondoka.

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Bibi akanizuia. Alikuja hapa, akakaa kwenye kile kigoda chako, akaniambia, "Usimharibie mtoto safari yake. Walinipenda. Waache." Nikamwuliza atakula nini yeye na Ana. Akasema Mungu yupo. Mungu yupo, ndiyo, lakini na mimi nipo, na wewe upo, na maji yapo, tena yanakuja kwetu! Nikamwahidi kwamba sitasema. Kwa hiyo ona, sijasema. Nimeandika. Akinigombeza nitamjibu hivyo hivyo.

Labda unajiuliza kwa nini nimekasirika hivi kwa jambo lililofanywa kwa upendo. Nitakueleza jambo ambalo sijawahi kukueleza, maana ni la siku zile ulipozaliwa, na siku hizo sipendi kuzikumbuka.

Baada ya kukuzaa nilishikwa na homa, wakanibeba kwenye machela mpaka hospitali ya bondeni. Wale wasichana wa vitambaa vyeupe walikuwa wema, siwezi kuwasingizia. Waliniponya. Lakini homa ilipokwisha hawakuacha. Walinilisha uji kwa kijiko, na mimi nina mikono miwili mizima. Walinichana nywele. Wewe walikuogesha wao, wakakufunga wao, wakakuimbia wao, wakakuleta kwangu kunyonya na kukuchukua tena. Nikisema nataka kufua nepi za mwanangu, wananiambia, "Pumzika, mama." Nikiamka nifagie, "Pumzika, mama." Nikawa kama furushi linalogeuzwa upande huu na upande huu. Kuna siku ulilia, nikabaki nimekaa nikisubiri mwenye mtoto aje. Unaona nilipokuwa nimefika? Nilisahau kwamba mwenye mtoto ni mimi.

Bibi Nakiete akashuka kutoka huku juu kwa miguu kuja kunitazama. Baba yako alikuwa bandarini Tanga, hakuwa na habari. Bibi hakuniuliza homa inaendeleaje, wala hakunipa pole. Alinimwagia maharage kwenye ungo, yaliyojaa mawe na makapi, akasema, "Chambua haya. Mimi macho yangu mabovu." Macho mabovu! Siku hizo Bibi alikuwa anaona siafu ng'ambo ya bonde. Nikaanza kuchambua. Machozi yakanitoka yakawa yanadondokea kwenye maharage, naye anajifanya hayaoni, ananihimiza, "Fanya upesi, nina safari ya kupanda mlima." Msichana mmoja akaja mbio kuninyang'anya ule ungo. Bibi akamwambia, "Mwache, mwanangu. Ananifanyia kazi." Nilipomaliza niliinuka kitandani, nikaenda nikakuchukua mahali walipokulaza, na sikukurudisha tena.

Huyo ndiye uliyemwambia akae.

Sisemi kwamba ulikuwa na moyo mbaya. Ungekuwa na moyo mbaya nisingeumia, ningekuchapa tu na mambo yangekwisha, ujue hata sasa hujanipita urefu. Ninaloliogopa ni kwamba ulifurahi sana. Nilikuona usoni. Ulifurahi jinsi mtu anavyofurahi akijitazama kwenye kioo. Na kesho unakwenda Makanya kufurahi hivyo hivyo kila siku mpaka likizo iishe, na watu watakusifu, na hakutakuwa na mama ndani ya tope anayekusikia unasema nini.

Baba yako alipata kufanya kazi kwenye mkonge wa huko chini, kabla ya bandari, na alinieleza ni watu gani hao wazee wa ile nyumba. Ni watu waliotoka mbali, wengine hata vijiji vyao hawavikumbuki njia, wakakata mkonge mpaka migongo ikagoma kunyooka, kisha wenye shamba wakawaambia asante, tokeni kambini. Misheni ikawaokota. Na wale watoto ni wa watu kama hao hao, waliofia kambini. Nikifikiria hilo damu inanichemka. Walichukuliwa nguvu zao zote na watu waliowaita manamba, na sasa wanakuja wema wenye magauni ya bluu kuwachukulia hata ule ufagio uliobaki mkononi, na kuwaita wasiojiweza. Jina hilo usije ukaniletea nyumbani. Ukimkuta mzee pale anasuka kamba, hata kama kamba yenyewe imekwenda upande, mwombe akusukie nyingine, umwambie unaihitaji, halafu kweli uifungie kitu. Mtoto akitaka kukubebea ndoo, mpe ndoo, maji yakimwagika mtakwenda kuchota tena. Mimi mwenyewe sijui zaidi ya hapo. Nimekosea watu wengi kwa kuwapa kabla sijawatazama, pamoja na wewe, ambaye nilikufunga viatu mpaka umri wa aibu.

Usidhani naandika haya ili ujisikie vibaya, kisha upande lori ukilia, ufike Makanya utuombee dua sisi na Bibi. Machozi yako hayamwagilii maharage. Ninaandika kwa sababu kuna saa moja tu ya kulirekebisha, nayo ni kesho.

Najua unachopoteza, usifikiri mama yako haelewi mambo ya shule. Mwalimu Yona amesema atakayekosa lori kesho atabaki nyumbani, nafasi yake apewe mwingine, na mwisho wa likizo Mwalimu huyo huyo ndiye atakayewaandikia barua wale wanaotaka kwenda kusomea ualimu. Ualimu umeutaka tangu ulipokuwa unawafundisha mbuzi wetu kusoma. Nami nimeutaka kwa ajili yako kuliko wewe. Nimejaribu leo kutafuta njia ya vyote viwili. Nimekwenda kwa dereva nikamsihi angoje, akaniambia ana magunia ya watu ya kuwahi treni Same. Nimekwenda kwa Mzee Kajiru nikamsihi afungue maji mapema au achelewe kidogo, akaniambia maji ni ya watu wote, hawezi kuyachezea kwa ajili ya safari ya mtu mmoja. Nimetukana njia nzima ya kurudi. Hakuna njia ya vyote viwili, mwanangu. Pembe italia upande wa juu na honi italia upande wa chini, karibu wakati mmoja, na wewe utakuwa hapa katikati na sanduku lako.

Ukishuka kufuata honi, nitakubebea sanduku mpaka kwenye lori, nitakupungia mkono, na sitakuambia neno. Kisha nitapanda ndivani nikasimame mbele ya watu nipige kelele, kama kawaida yangu, na haitasaidia. Zamu ya Bibi nitaifungulia shambani kwake kwa siri nikiweza, mpaka watakaponikamata na kunipeleka kwa jumbe, na wewe utasikia huko uliko kwamba mama yako amekuwa mwizi wa maji. Utabaki kuwa mwanangu. Nitakuandikia, nitakutumia ndizi, kila kitu kitakuwa kama zamani isipokuwa sitaki kuona maharage ya shamba letu kwenye sufuria yangu mwaka huu.

Ukipanda ndivani, utasimama mbele ya watu wale wale waliocheka. Watakucheka na wewe. Utasema, "Nilichukua kikapu mimi, nikasema nabeba kwa niaba yake, kisha nikaondoka." Ni maneno machache, lakini ni mazito, mimi mwenyewe sijui kama katika umri wako ningeweza. Mzee Kajiru atamwita Bibi upya. Nawe utarudi nyumbani bila lori, bila Makanya, pengine bila ualimu, na tutagombana mimi na wewe likizo nzima kama kuku.

Sitakuamsha. Ukisikia pembe umesikia, ukisikia honi umesikia. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia ili usiweze kukivaa kabla hujaisoma.

Kile kikapu cha Bibi nimekitoa kando ya banda la mbuzi. Tope lako na lake bado limo, limekauka, sikuliosha. Nimekiweka mlangoni, katikati kabisa, na mlango wetu unaujua ulivyo mwembamba. Ukitoka itakubidi ukiruke au ukiokote.

Anayekupenda, na bado amekasirika,

Mama yako